Mlango wa Mzee Amon Siku ya Kura

Mgeni alimkuta Kisa amelala kifudifudi katikati ya migomba, khanga imefunika kichwa.

"Hodi! Dada, unaumwa?"

"Usinyanyue sauti. Ameshapita?"

"Nani?"

"Mzee mwenye fimbo."

Mgeni aligeuka akatazama njia. "Ameshapita. Anaelekea kanisani."

Kisa akainuka taratibu, akapangusa udongo mashavuni. Mbele yake alisimama kijana mrefu, viatu vimejaa tope, kabeba begi lililojaa karatasi begani. Hakuwa mtu wa Kyela. Alisema anaitwa Jovitus, mwalimu mpya kutoka Bukoba, na kwamba amepewa kazi ya kuandikisha wapiga kura wa kitongoji hiki.

"Nani anakufukuza?" aliuliza.

"Hakuna. Yule ni baba mkwe wangu."

"Amekufanyia nini?"

"Amefanya nini? Amemzaa mume wangu, basi. Huku kwetu mwanamke humwogopa mkwe wake. Sionani naye, siongei naye, jina lake silitaji. Nikisikia fimbo yake, napisha. Ninyi kwenu wanawake wanawatazama wakwe machoni?"

Jovitus alicheka kidogo, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akafungua begi.

"Nimepita nyumba kwa nyumba kwa sababu kesho ndiyo mwisho wa kuandikisha. Jina lako sijaliona."

"Mimi ninayo kadi." Kisa aliingia ndani akarudi na kadi ya mpiga kura, imefungwa kwenye nailoni.

"Hii ni ya kumchagua Rais na mbunge na diwani," Jovitus alisema kwa upole. "Mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji wana orodha yao. Lazima ujiandikishe upya, hapa hapa unapoishi. Hutakiwi kulipa kitu. Uwe umetimiza miaka kumi na minane, uwe mkazi wa kitongoji, basi. Usipojiandikisha, siku ya kura utarudishwa hata ukiwa na kadi kumi."

Kisa alikaa chini kwenye gogo, kadi mkononi.

Kura hiyo aliitaka kuliko chakula. Mumewe, Eliud, alikuwa amefariki mwaka uliopita, akamwachia watoto wawili wa kike na majaruba ya mpunga karibu na mto Songwe. Sasa shemeji yake, Hezroni, alikuwa amepata mnunuzi wa majaruba yale. Mwenyekiti wa kitongoji, Andongwisye, alikuwa tayari kutia sahihi kama shahidi wa mauziano. Alichosema ni kwamba uchaguzi upite kwanza. Aliyekuwa anagombea dhidi yake safari hii, Angetile, alikuwa ametamka hadharani kwamba hatatia sahihi shamba la mjane bila mjane mwenyewe kukubali. Mara iliyopita Andongwisye alishinda kwa kura za kuhesabika kwa vidole. Andongwisye akirudi, msimu huu Kisa hatapanda.

Alimweleza Jovitus yote hayo bila kupumzika.

"Kama ni hivyo, kwa nini hujaja kituoni wiki nzima?" Jovitus aliuliza.

"Kituo chako kiko wapi, mwalimu?"

"Kwenye ghala la kakao."

"Na ghala la kakao liko mbele ya nyumba ya nani?"

Jovitus alitazama njia aliyopita mzee. "Ya Mzee Amon."

"Umelitaja wewe. Mimi siwezi. Anakaa barazani pale tangu asubuhi. Nitapita wapi, angani? Na si mimi peke yangu. Watoto wake, watoto wa ndugu zake, wake zao wote ni wakwe zake."

"Siku zote hizi naandika wanaume na mabinti," Jovitus alisema polepole. "Nilidhani wake wa huku hawapendi mambo ya uchaguzi."

"Tunapenda sana."

"Lakini dada, sheria inakuruhusu. Hakuna wa kukuzuia."

"Sheria italala na mimi usiku watoto wakishikwa na homa? Wanasema mwanamke asiyemwogopa mkwe wake, watoto wake hawakui. Wewe sema ni uongo. Mimi nimeshazika mume. Sina kingine cha kujaribia."

Jovitus aliwapigia simu wakubwa wake palepale, akaomba kituo kihamishwe. Alijibiwa kwamba vituo vimeshatangazwa na havihamishwi. Alirudisha simu mfukoni, macho yamemjaa maji, akaona aibu, akageuka kama anayetazama migomba.

"Basi niache nikaongee na mzee," alisema.

"Ukamwambie nini?"

"Sijui bado."

Mzee Amon alikuwa amesharudi barazani, miguu yake iliyovimba ameinyoosha kwenye kigoda.

"Ugonile, mwalimu."

"Ndaga, mzee," Jovitus alijibu. Salamu hiyo ndiyo ya kwanza aliyofundishwa alipofika. Akakaa kwenye ukingo wa baraza, akasema moja kwa moja: "Mzee, wakwe zako hawajaandikishwa hata mmoja. Wewe unakaa hapa, wao hawawezi kupita."

Mzee alilitazama ghala lililo mbele yake.

"Nilijua wananiogopa," alisema mwishowe. "Sikujua naziba njia ya kura. Aliyekutuma ni yupi?"

"Mke wa marehemu Eliud."

"Ah. Yule uso wake siujui. Najua wali wake tu, unapoletwa na wajukuu. Wali mzuri." Alishusha sauti. "Anajua kwamba mimi sitaki majaruba yauzwe?"

"Hakusema, mzee."

"Atajuaje? Siwezi kumwambia. Na Hezroni ni mwanangu. Nikisema hapana anawaambia watu nimezeeka, nimeanza kuchanganyikiwa. Mdomo wangu ameuziba. Umebaki mkono huu. Nimeutunza kwa ajili ya siku hiyo, mwalimu. Sijawahi kukosa kura tangu nchi hii ianze kupiga kura."

Aliinua mkono wenyewe, ukatetemeka, akaucheka.

"Basi waambie hivi. Kesho naingia ndani, nafunga mlango, waje waandikwe. Na siku ya kura vilevile. Jua litachomoza nikiwa ndani, na sitatoka mpaka mwanamke wa mwisho wa ukoo huu atumbukize karatasi yake. Asubuhi ni yao, mchana ni wangu. Mzee hapangi foleni."

"Ni ahadi, mzee?"

"Kwani wewe ulisikia nini, wimbo?"

Kesho yake wanawake walikuja kwa kundi, wamejifunika khanga, kila mmoja akiutupia jicho mlango uliofungwa. Jovitus aliandika mpaka vidole vikamuuma. Alipomuuliza Kisa jina la mumewe, Kisa alisema "Eliud," na alipouliza jina la pili, Kisa aliinamia meza. Mke wa Hezroni, Queen, aliyekuwa nyuma yake, naye hakuweza kulitaja. Jovitus aliandika "Amon" mwenyewe bila kuuliza tena.

Siku ya kura mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wanawake walipanga foleni kukiwa bado hakujapambazuka vizuri, mlango wa mzee umefungwa kama alivyosema. Saa mbili ikafika, hakuna sanduku. Saa nne, hakuna. Gari lililoleta karatasi za kura lilikuwa limekwama kwenye tope huko njiani. Kituo kilifunguliwa jua limeshapita utosini. Jovitus, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa kituo, alipiga simu kuomba muda uongezwe. Akajibiwa kwamba kura zinafungwa saa kumi kama kawaida.

Kituturi cha kupigia kura kwa siri kilikuwa kimoja. Mawakala wa wagombea walibishana juu ya kila jina. Foleni ilisogea kama konokono.

Hezroni alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli, nje ya eneo la kituo.

"Shemeji!" aliita. "Unaloa bure. Majaruba yameshapata mwenyewe."

Kisa alisogea hatua moja mbele na foleni.

"Mwenye mume anatetewa na mumewe. Wewe nani atakutetea? Sanduku?"

"Nyamaza wewe," mwanamke mmoja kwenye foleni alimrudishia. "Mwavuli wenyewe ni wa mkeo."

Watu wakacheka. Kisa hakucheka. Zamu yake ilipofika alionyesha kadi yake kama kitambulisho tu, jina likatafutwa, likaonekana. Akapewa karatasi, akaingia kwenye kituturi. Akaweka tiki kwa Angetile, akakunja, akatumbukiza.

Alitoka akaenda kusimama kwenye migomba nyuma ya ghala, mahali ambapo angeweza kuuona mlango wa mzee bila mzee kumwona yeye. Wanawake waliobaki walikuwa wachache. Wangeisha kabla ya saa kumi, mzee angetoka, angepiga. Kura ya mzee alikuwa ameshaihesabu pamoja na yake.

Ndipo akamwona Hezroni anakuja kwa mbio kutoka nyumbani kwake, amemshika Queen mkono. Queen alikuwa na unga viganjani, khanga imevaliwa upande.

"Panga foleni!" Hezroni alimwambia, akamsukuma mgongoni. "Unajua cha kufanya."

Queen akasimama mwisho wa mstari. Kila mtu alijua anakwenda kumpigia nani.

Jovitus alitoka mlangoni mwa ghala, akatazama saa yake.

"Sikilizeni! Zimebaki dakika chache. Saa kumi ikifika, mgambo atasimama nyuma ya mtu wa mwisho. Aliye kwenye foleni atapiga kura. Asiyekuwepo, basi tena."

Kisa aliutazama mlango uliofungwa. Mzee hakuwa kwenye foleni. Mzee alikuwa nyuma ya mlango, anasubiri wanawake waishe, na hawataisha.

Jovitus naye alikuwa ameliona hilo. Alivuka uwanja, akagonga mlango.

"Mzee, muda unakwisha. Njoo usimame tu kwenye mstari, utapiga."

"Wamekwisha?" sauti ilitoka ndani.

"Bado."

"Nani wamebaki?"

"Watatu. Wa mwisho ni mke wa Hezroni."

Queen alikuwa amekusanya khanga yake kwa mikono miwili, mguu mmoja umeshageukia barabarani. Mlango ukifunguka tu, angekimbia. Wale wawili wa mbele yake pia, na kura zao Kisa hakuzijua. Kura moja ya Andongwisye ingepotea, na moja ya Angetile ingeingia. Kisa alipiga hesabu hiyo mara moja, na hakuona haya. Aliwaona binti zake. Aliona majaruba yamejaa maji, mtu mwingine anapanda.

"Baba!"

Sauti ilimtoka kabla hajajua kwamba ni yake. Wanawake waligeuka wote, mmoja akajishika mdomo. Tangu aolewe hakuwa amewahi kumwambia mzee yule neno lolote.

"Baba, toka! Mimi nimeshapiga! Toka!"

Mvua ilisikika juu ya bati. Kisa alishika mgomba kwa mikono miwili, akingoja kitu kimpige kutoka juu.

"Mwalimu," mzee alisema kutoka ndani, polepole. Hakulijibu lile neno. Alipitisha kwa mtu wa kati, kama ilivyopasa. "Mwambie aliyeita kwamba nimemsikia. Mwambie sikukasirika, na watoto wake watakua."

"Ndiyo, mzee."

"Mwambie pia kwamba niliwaahidi wakwe. Sikuwaahidi wale tu watakaopiga kura kama ninavyotaka mimi."

"Mzee, utaikosa kura yako."

"Nimesikia, mwalimu. Saa naisikia hata mimi."

Jovitus alibaki amesimama, kiganja kwenye mbao za mlango. Akageuka kumtazama Kisa kwenye migomba. Kisa alikuwa analia waziwazi. Hakuwa na haja ya kuambiwa. Alikuwa amesikia yote.

Saa kumi. Mgambo alitembea kwenye tope, akasimama nyuma ya Queen, akaweka rungu lake mbele ya miguu kama anayefunga geti.

Mwanamke wa kwanza aliingia, akatoka. Wa pili aliingia, akatoka. Queen akabaki peke yake uwanjani. Aliutazama mlango wa mzee, akautazama mwavuli wa mumewe. Kisha akashusha khanga yake aliyokuwa ameikusanya, akaipanga vizuri, akaingia ndani ya ghala kwa hatua za kawaida. Hakuna aliyekuwa anamkimbiza.

Alikaa kwenye kituturi muda ambao Kisa aliona ni mrefu mno. Alipotoka aliinamisha kichwa, hakumwendea Hezroni. Alifuata njia ya nyuma kuelekea migombani waliko wanawake wenzake.

Jovitus akatoka, akasema kwa sauti ili isikike mpaka ndani ya nyumba:

"Mzee, wa mwisho ameshatumbukiza."

Ndani ya ghala mawakala walikuwa wameanza kusogeza meza kwa ajili ya kuhesabu. Wanawake walirudi nyuma zaidi kwenye migomba, wakageuza nyuso zao, Kisa pamoja nao.

Nyuma yao komeo la mlango wa mzee likafunguliwa.