Ng'ombe wa Bibi Aingia Bungeni

Mwalimu Marhoun wa Wawi, Pemba, alikuwa na ng'ombe mmoja tu maishani mwake, na ng'ombe huyo hakumpa maziwa wala samadi. Alikuwa ng'ombe wa insha. Jina lake Zafarani, na kila mtoto aliyepita mikononi mwa Marhoun kwa zaidi ya miaka ishirini alimjua kuliko alivyowajua shangazi zake.

"Siku hiyo jua lilichomoza likitabasamu kama bibi harusi," ndivyo insha ilivyoanza, "mara nikasikia ukemi wa bibi yangu. Zafarani, ng'ombe wake wa pekee, ametumbukia kisimani!" Marhoun aliisomesha kama alivyosomeshwa yeye Kurani utotoni, kwa kuimba, mstari baada ya mstari, darasa zima likiyumba pamoja mpaka maneno yakae kifuani. Kuuliza ilikuwa marufuku. "Shika kwanza," alikuwa akisema, "maana itakufuata mwenyewe."

Na insha ile haikuwa na mpaka. Likija swali la umuhimu wa maji, mtoto anaanzia kisimani. Likija la faida za umoja, anaanzia kwenye kamba ya kumvuta ng'ombe. Wahenga walisema njia za mwongo ni fupi, lakini za Zafarani zilikuwa ndefu na zote zilifika kwenye alama nzuri. Wala hakuna msahihishaji aliyeshtuka, kwa sababu kila mtoto alikuwa akimkata ng'ombe vipande kufuata swali lililokuja, huyu anaweka kichwa, yule mkia.

Mwaka jana mambo yakageuka. Swali lilikuja wazi kabisa: eleza siku ambayo hutaisahau. Swali na Zafarani vikakutana kama chungu na kifuniko chake. Darasa zima, wavulana kwa wasichana, likaandika insha nzima kama ilivyo, kituo kwa kituo, na msahihishaji huko bara akakuta watoto wote wa skuli moja wana bibi mmoja, kisima kimoja na ng'ombe mmoja. Angefikiri nini, masikini ya Mungu? Akaona mtihani umevuja. Matokeo ya darasa lote yakazuiwa, na ikasemwa kwamba ikithibitika, yatafutwa.

Wawi ikapata la kusema. Wako waliodai Mwalimu kauiba mtihani, wako waliodai kapewa na mkubwa fulani. Wengine hawakusema kitu, wakaacha kumsalimia, na kwa Wapemba salamu haikatwi mpaka jambo limefika kooni. Bi Mwatima, jirani yake, mjane anayejulikana kwa mikate yake ya mofa, hakuacha kumletea mkate wa Ijumaa kama desturi. Lakini sasa aliuweka kizingitini na kuondoka bila kubisha hodi. Binti yake Rahila alikuwa katika darasa lile, na chuo cha uuguzi kilikuwa kimemwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi tu.

Marhoun alikwenda Chake Chake kujieleza. Maofisa wa elimu walimsikiliza kwa adabu kubwa, na adabu ile ndiyo iliyomtisha, maana mtu anayekuamini hubishana nawe. Alirudi nyumbani akajilaza kifudifudi mchana kweupe. Mkewe, Bi Maryamu, alimwangalia kidogo, akatoka nje na simu yake, akampigia Asma.

Asma alikuwa mwanafunzi wa Marhoun zamani, na sasa ni mbunge wa upinzani, mwanamke ambaye mawaziri wakimwona anasimama hujikohoza kabla hajasema neno. Marhoun alipojua Asma kaambiwa, alikasirika kwanza, kisha akashika simu mwenyewe.

"Muulize Waziri Mkuu, mwanangu," alisema. "Mitihani ni jambo la Muungano, hana pa kukuponyokea. Lakini nakuomba kitu kimoja. Usimtaje ng'ombe."

Asma alicheka kidogo.

"Asma?"

"Ntajitahidi, Mwalimu."

Jibu lile halikumpendeza. Alikuwa amemsomesha yeye yule mtoto, na alijua kujitahidi kwake kukoje.

Alhamisi asubuhi, siku ya maswali kwa Waziri Mkuu, Marhoun alikaa mbele ya televisheni kanzu imepigwa pasi kana kwamba Bunge zima litamwona. Darasa lake lilijipanga barazani, vichwa vimejaa dirishani. Kisha ikasikika hodi, naye alikuwa Bi Mwatima, kamshika Rahila mkono.

"Karibu, Bi Mwatima," alisema Marhoun, akamsogezea mkeka.

"Nimekuja kusikiliza ya mwanangu," alijibu Bi Mwatima akikaa ukingoni mwa mkeka. "Si kwa jengine."

Waziri Mkuu huyo alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye sifa ya kuteleza kama bamia. Mpinzani mmoja alimuuliza habari za bei ya mafuta, akajibiwa kwa maneno mengi matamu, akakaa chini akishukuru, na alipokaa ndipo uso wake ulipoonyesha kwamba hakupewa kitu. Marhoun aliona yote hayo, na matumaini yake yakazidi kupungua.

Asma akasimama. Alisema kwa ufupi kwamba darasa zima Pemba limezuiliwa matokeo kwa tuhuma isiyo na ushahidi, kwamba milango ya vyuo inafungwa, na akauliza Serikali inasema nini. Hakumtaja ng'ombe. Marhoun akashusha pumzi.

"Mheshimiwa Spika," alianza Waziri Mkuu, "nampongeza sana Mheshimiwa kwa namna anavyowapigania wananchi wake." Bi Maryamu akaguna, pongezi za mwanzo hazijawahi kumshibisha mtu. "Suala hili liko kwenye uchunguzi. Serikali haiwezi kuingilia vyombo vya kitaalamu. Nimuombe Mheshimiwa awe na subira, na uchunguzi ukikamilika, hatua stahiki zitachukuliwa."

Yaani hakuna. Uchunguzi usio na mwisho, na chuo kinafunga nafasi mwisho wa mwezi. Rahila aliinamisha kichwa. Bi Mwatima alijifunika kanga usoni, na Marhoun akatamani ardhi ya Wawi ipasuke immeze yeye na kanzu yake.

"Mheshimiwa Asma, swali la nyongeza," alisema Spika.

Asma alisimama tena, na safari hii aliweka karatasi zake chini. Marhoun akaijua ile. Ndivyo alivyokuwa akisimama darasani, mikono nyuma, kidevu juu.

"Usifanye, mwanangu," alinong'ona. "Usifanye."

"Mheshimiwa Spika, kabla ya swali langu naomba nikiri. Kama watoto hawa wameiba mtihani, basi nami niliuiba, na nimekaa nao kifuani miaka kumi na minane. Siku hiyo jua lilichomoza likitabasamu kama bibi harusi, mara nikasikia ukemi wa bibi yangu. Zafarani, ng'ombe wake wa pekee, ametumbukia kisimani!"

Bunge likaangua kicheko. Watu walipiga meza, kamera ikamwonyesha mbunge mmoja akijifuta machozi kwa tai. Marhoun alifunika uso kwa viganja viwili. Aibu hiyo hapo, nchi nzima inamcheka, na watoto bado hawajapata kitu. Asma aliendelea, sauti ikipanda juu ya vicheko.

"Nikasema mguu niponye, nikakimbia huku na huko nikiita watu. Wakaja wa mtaa wa juu na wa bondeni, wanaosemezana na..."

"Taarifa, Mheshimiwa Spika!"

Aliyesimama alikuwa Yussuf, naibu waziri, Mpemba wa chama tawala. Yeye na Asma walikuwa hawapeani hata mkono tangu uchaguzi, na Wawi nzima ilijua. Bi Maryamu akasema, "Huyu naye! Kila mtu akianguka lazima aje amkanyage?"

"Mheshimiwa Naibu Waziri," alisema Spika, "wakati wa maswali hakuna taarifa, nawe unajua." Akatazama saa, akatazama ukumbi. "Lakini sema haraka, na miye nataka kujua ng'ombe kafikia wapi."

Yussuf alikohoa. Kisha mikono yake ikaenda nyuma na kidevu kikapanda juu. Marhoun aliyekuwa akichungulia baina ya vidole akaviondoa vidole.

"Wanaosemezana na wasiosemezana," alisema Yussuf, naye alikuwa akiyumba kidogo, "wakashika kamba moja. Aliyechoka alipokewa, aliyeteleza alishikwa mkono. Na tangu siku hiyo nilijua kwamba mkono mmoja haulei mwana."

Mstari wa mwisho hakuusema peke yake. Asma alikuwa ameusema pamoja naye, kutoka upande wa pili wa ukumbi, kwa mahadhi yale yale, na watoto wa dirishani pale Wawi wakausema pia. Makofi yakaja kutoka pande zote mbili.

"Mheshimiwa Asma, unaipokea taarifa hiyo?"

"Naipokea kwa mikono miwili, Mheshimiwa Spika. Na swali langu: je, Waziri Mkuu atamfukuza naibu waziri wake kwa wizi wa mtihani, au atawapa watoto matokeo yao?"

Waziri Mkuu alisimama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuanza kwa pongezi.

"Mheshimiwa Spika, mtihani hauwezi kuvuja miaka kumi na minane kabla haujatungwa. Nimeliona mwenyewe hapa, upande wenu na upande wangu. Hawa hawakuiba. Waliwekewa kitu vichwani na mwalimu wao, na kimekaa. Nitawaambia wahusika hivyo leo hii kabla sijala chakula cha mchana, na nasema mbele ya Bunge lako, matokeo yatoke wiki ijayo."

Sijui kama umewahi kusikia nyumba ikipumua. Bi Maryamu alipiga kigelegele kilichowastua kuku wa mtaa wa pili. Barazani watoto walirukiana. Rahila alilia na kucheka kwa pamoja, na Bi Mwatima akainuka kutoka ukingoni mwa mkeka akaja mpaka kwa Marhoun, asijue aanze vipi.

"Mwalimu," alisema. "Mkate wa kesho ntakuletea mwenyewe. Ntabisha hodi."

"Ntafungua, Bi Mwatima," alijibu Marhoun, na machozi yakamtoka waziwazi bila kuyafuta. Wiki iliyofuata matokeo yalitoka kweli, na Rahila akaenda chuoni kwake, ingawa msahihishaji mpya alimpa Zafarani alama za kubania. Lakini hayo ni ya baadaye, na asubuhi ile Waziri Mkuu alikuwa bado hajakaa.

"Mheshimiwa Spika, kwa ruhusa yako nami nina swali moja kwa Mheshimiwa Asma. Ng'ombe alitoka?"

Asma akageuka. Akamtazama Yussuf. Yussuf akainua mabega. Wawili hawa walioshindana kwenye majukwaa na redioni, wasioshindwa na neno, walisimama wakitazamana kama watoto walioulizwa nani kavunja chungu.

"Mheshimiwa Spika," alisema Asma mwishowe, "naomba jibu hilo nimletee kwa maandishi."

Bunge likacheka upya. Pale sebuleni hakucheka mtu. Vichwa vyote vya dirishani vilikuwa vimegeuka vikimtazama Mwalimu, na simu yake ikaita.

"Mwalimu, Asma hapa. Nimetoka ukumbini mara moja. Waziri Mkuu anauliza, na miye naona aibu, maana sijapata kukuuliza. Alitoka?"

Marhoun aliibana simu sikioni. Mara ngapi insha ile ilikuwa imeimbwa mbele yake! Watoto wangapi walimvuta ng'ombe yule kwa kamba wakamwacha hapo, nusu kisimani, kwa sababu mwalimu wao aliikata insha ipate kuenea kwenye ukurasa na kuishia na methali! Wala hakuna aliyeuliza, kwa kuwa alikuwa amewakataza. Na yule hakuwa ng'ombe wa kubuni. Alikuwa wa bibi yake kweli, na kamba ile aliishika yeye mwenyewe, ana miaka tisa.

"Alitoka," alisema. "Mwambie alitoka. Katapakaa matope, kajaa hasira, na akampiga teke mtu wa kwanza aliyemwona. Alikuwa baba yangu. Bibi alicheka mpaka akakaa chini."

Kwenye simu Asma alicheka pia, na akasikika akimpigia kelele mtu aliyekuwa karibu naye, "Yussuf! Alitoka, yakhe!"

Marhoun aliweka simu chini. Rahila alikuwa amesimama mbele yake, mkono juu, jambo ambalo hakuna mtoto aliyewahi kulifanya mbele ya mwalimu yule.

"Mwalimu, nna swali la nyongeza. Waliokuwa hawasemezani, walisemezana baadaye?"

Bi Mwatima akamvuta binti yake kanga, nyamaza wewe. Marhoun alimzuia kwa mkono. Akasogeza kiti chake karibu na dirisha, wote wapate kusikia, na alipoangalia, mikono mingine ilikuwa imeshainuka kule nje.

"Kaeni kitako," alisema. "Nitajibu hilo la Rahila kwanza. Kisha ulizeni."