Safu ya Mpishi, Ukurasa wa Nne

Kila Ijumaa asubuhi koplo alizungusha mpini wa mashine ya kurudufia ndani ya stoo ya viazi, na gazeti la kikosi likatoka. Lilikuwa na kurasa nne, zilizochapwa nyuma ya fomu za maombi ya likizo, maana fomu hizo zilikuwa nyingi na zote zilikataliwa. Ukurasa wa nne ulikuwa wa vichekesho vya mpishi.

Siku moja kombora liliangukia jiko, mpishi akiwemo. Halikubakisha hata kifungo. Kwa kuwa mwili haukuonekana, makao makuu yalimwandika mtoro, na mkewe akatumiwa barua inayosema hivyo. Ijumaa iliyofuata safu yake ilikuwa mezani kama kawaida, imeshapigwa chapa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, inanuka vitunguu. Koplo alirekebisha mikato, akaendelea na kazi.

Wiki ya tatu, katikati ya kichekesho cha sajenti na soksi zake, kulikuwa na mstari: "Sikukimbia. Nilikuwa nakoroga maharage."

Kapteni, mkaguzi wa kila toleo, alisema mstari huo unapingana na kumbukumbu. Koplo aliupaka dawa ya kufutia, akaipuliza ikakauka, akazungusha mpini. Mstari ukatoka kwenye kila nakala. Akapaka tena. Ukatoka mweusi zaidi.

"Karatasi zinakwisha, afande."

Kapteni aligeuza nakala ya juu. Nyuma yake kulikuwa na fomu yake mwenyewe ya likizo, ya mwaka jana.

"Gawa," akasema.

Koplo hakuwa na mtu wa kumwandikia, kwa hiyo nakala yake aliituma kwa mke wa mpishi. Tangu barua ya utoro, majirani walikuwa wameacha kumsalimia, na binti zake walikuwa wamekataa kwenda shule. Aliisoma kwa sauti kwenye foleni ya maji, pamoja na kichekesho cha soksi. Mwanamke wa mbele yake alicheka, akampisha.

Koplo aliomba kumbukumbu isahihishwe. Makao makuu yalijibu kwamba ushahidi wa marehemu haupokelewi, na isitoshe, kwa mujibu wa kumbukumbu, mhusika si marehemu. Faili lilibaki lilivyokuwa.

Kisha ikaja barua ya mke. "Shemeji, mwambie nimesoma. Wasichana wamerudi shule. Na chumvi apunguze, maharage yake yalikuwa yananishinda siku zote." Koplo aliichapa ukurasa wa tatu, kabla tu ya safu ya mpishi.

Ijumaa iliyofuata stensili ilikuwa mezani kabla mlango haujafunguliwa. Mstari wa mwisho ulisema: "Nimepunguza. Onja."

Nakala ilipomfikia, mkewe aliisoma yote, akalamba pembe ya karatasi. Chumvi ilikuwa kiasi.