Hotpoti Isiyouzwa

Tangu wakubwa watangaze kwamba Kariakoo itafanya biashara usiku na mchana, Fortunata hakuwahi tena kulala kitanda kimoja na mumewe kwa wakati mmoja. Msinielewe vibaya, hawakuwa wamegombana. Kitanda kilikuwa kilekile cha siku zote, ila yeye alikilalia usiku na Severine akakilalia mchana, na katikati yao kulikuwa na duka la vyombo mtaa wa Kongo.

Na yeye mwenyewe alishangilia jioni ile taa kubwa zilipowashwa mtaani. Wateja wa Lubumbashi na Ndola walikuwa wakishuka kwenye mabasi usiku na kukuta milango imefungwa. "Mama Joyceline," Severine alimwambia, "hii ikitupita tusimlaumu mtu." Wakagawana zamu, mke mchana, mume usiku. Ilikuwa wajaribu mpaka Pasaka tu. Pasaka ikapita. Krismasi ikafika, Fortunata akapanda kijijini Kibosho peke yake, na kila ndugu aliyemuuliza mumewe yuko wapi alijibiwa, "Yupo dukani," mpaka wakachoka kuuliza.

Biashara ilipanda, hilo hakuna wa kulibishia. Waliongeza rafu, wakaongeza stoo, wakaacha kununua mzigo kwa watu wa kati wakawa wanautoa bandarini wenyewe. Wao walionana asubuhi na jioni, wakati wa kukabidhiana funguo, na hapo maneno yalikuwa ni sufuria gani zimekwisha na kontena limefikia wapi.

Kulikuwa na hotpoti moja nyekundu, rafu ya chini kabisa, mfuniko wake umemeguka ukingoni. Hiyo haikuwa ya kuuza. Jioni Fortunata alimwachia humo mumewe chakula, na asubuhi aliikuta imeoshwa, ndani kuna ndizi mbivu, au andazi, siku moja kipakiti cha ubuyu. Hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo kwa mdomo. Lakini mama mtu mzima yule, mwenye binti chuoni, kila akifunua ule mfuniko moyo ulimwenda mbio.

Alichokuwa akikitamani ni kidogo mno, hata kukisema aliona aibu. Zamani walikuwa wakifunga duka jioni, wanatembea pamoja hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani, na njiani wananunua mhogo wa kuchoma wanagombania pilipili. Severine alikuwa na utani wake wa kuiga wateja wabishi, na Fortunata alicheka mpaka wapita njia wakageuka. Walifika nyumbani Kimara bado wanacheka. Aliitaka jioni moja tu ya namna ile.

Basi Jumatano moja akanunua mhogo kwa Mwanne, anayechoma pale kona, akaufunga kwenye karatasi na pilipili yake, akautia kwenye hotpoti. Hakuweka wali wala maharage. Severine angefunua, angeelewa, angecheka na kusema, "Haya, leo tunafunga." Alikuwa na hakika kabisa.

Kisha akaenda kwenye mkutano wa wafanyabiashara wadogo, maana duka lao lilikuwa limechaguliwa kuwa la mfano wa biashara ya usiku na mchana. Duka akamwachia Anuari, winga wao wa miaka mingi, yule anayewadaka wateja barabarani na kuwaleta dukani.

Mkutanoni afisa biashara alimsimamisha. "Bila watu kama Mama Joyceline," alisema, "sera inabaki makaratasi." Watu wakapiga makofi. Akaombwa aeleze changamoto. Fortunata alishika kipaza sauti, akawatazama watu waliokuja kutafuta matumaini, na neno lake likarudi tumboni.

"Maegesho ya magari ya mizigo," alisema. "Hayatoshi." Akakaa.

Aliporudi, Anuari alimpokea meno yote nje. "Mama, leo nimeua! Mteja wa Tunduru kataka hotpoti nyekundu, na nyekundu zimeisha. Nikaiona ile ya chini. Nikampunguzia kwa sababu ya mfuniko, kabeba fasta, basi lilikuwa linamsubiri."

"Ulifungua ndani?"

"Nifungue ya nini? Kasifia mpaka uzito. Kasema hii ndiyo orijino."

Fortunata alicheka kwa sauti, halafu akajifanya anapanga vikombe. Mhogo wake ulikuwa safarini kwenda kusini, na yeye roho ilimuuma kama aliyeibiwa.

Jioni Severine aliingia, na kabla hajamtazama mkewe alitazama rafu ya chini.

"Iko wapi?"

"Imeuzwa."

Akainama, akapapasa pale rafuni. "Ilikuwa na nini?"

"Mhogo."

"Wa kuchoma?"

"Na pilipili."

Severine alimtazama usoni, muda mrefu kuliko alivyomtazama mwaka mzima. Akamwita Anuari ashike duka. "Twende, mama," alisema.

Wakanunua mhogo kwa Mwanne, wakagombania pilipili. Severine akaanza kumwiga mteja mmoja, akaishia katikati, kama aliyesahau sauti inavyokwenda. Wakatembea. Karibu na kituo akauliza, "Zile bakuli za udongo zimebaki katoni ngapi?" Fortunata akamjibu.

Kituoni alipitisha kadi, akageuka kumpisha mumewe. Severine alikuwa amesimama upande wa pili wa geti.

"Yule mtu wa Lubumbashi anapakia mzigo leo," alisema, macho chini. Kisha akainua mkono. "Haya, mama. Wasalimie nyumbani."

Ndivyo alivyomwambia kila mteja anayeondoka na mzigo wake. Fortunata alimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe, akitaka kuyarudisha, lakini basi lilikuwa limeshafika na watu wanamsukuma kwa nyuma.

Kimara, alifungua mlango wa chumba, akawasha taa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, kama Severine alivyokiacha. Fortunata akasimama katikati ya chumba, nyumba nzima haina mtu, mkoba bado begani.

"Severine anawasalimu," alisema.