Inchi Moja ya Kupumulia

Kwa bibi, fundi wa kushona, hakuna nguo isiyokuwa na kikaratasi. Akishampima mtu, huandika vipimo kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha karatasi, akakibana kwa pini upande wa ndani wa nguo. Hapo hakitoki mpaka mwenye nguo aivae, ajigeuze mbele ya kioo, aseme ahsante. Ahsante ikishatoka, bibi hukichomoa na kukichoma kwenye msumari ulio juu ya cherehani yake. "Kabla ya hapo," husema, "kazi bado sijaimaliza."

Mjukuu wake aliyajua hayo tangu akiwa wa kuokota vifungo chini ya meza. Ila asubuhi hiyo hakuwa na nafasi ya kuyakumbuka. Ilikuwa siku ya mtihani wa hisabati, wa kumaliza kidato cha nne.

Shuleni walimwita Barafu, na halikuwa jina la sifa. Darasani ndiye aliyewaeleza wenzake hesabu mpaka zikawaingia. Lakini kwenye mtihani wa majaribio aliganda. Alikaa saa tatu akiitazama karatasi, kifua kimembana, akatoka ameandika namba yake tu. Tangu siku hiyo alihangaika kutafuta dawa. Rafiki yake Kipaza alikuwa akikariri kanuni kwa sauti ya juu nyuma ya maktaba mpaka mtunza vitabu anagonga dirisha. Mwingine alitafuna vifuniko vya kalamu, kalamu zote za darasa zikabaki vichwa wazi. Barafu alijaribu kelele, akajaribu vifuniko. Wapi!

Bibi yake hakujua hisabati ya kidato cha nne, yeye aliishia darasa la saba. Alichokiona ni sketi ya shule inavyomkaba mtoto. Jana yake akampima, akaifumua kiunoni, akaishona upya, akaipiga pasi na kuitundika nyuma ya mlango.

"Mama, njoo uijaribu nikuone," aliita kutoka jikoni, anamjazia chupa ya maji.

"Bibi, nitachelewa! Nimeshaivaa, iko sawa!"

"Subiri basi nikuone mbele ya kioo..."

"Nikirudi, bibi!" Akaipokea chupa mlangoni kama anapokonya, huyo, mbio.

Bibi akampigia kelele kwa nyuma: "Ukikutana na gauni gumu, usianze na kola! Anza na pindo!"

Barafu alisikia, ila akili ilikuwa kwenye pembetatu.

Mlangoni mwa ukumbi walipanga foleni. Msimamizi alikuwa mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi mweusi. Aliwapapasa wasichana mmoja mmoja, mifuko, mikono ya shati, kiunoni.

"Nyanyua mikono, binti. Haya... Aa! Nini hiki kinachonichoma?"

Akachomoa pini. Na kwenye pini, kikaratasi.

Foleni nzima ilisogea kutazama. Hata Kipaza aliacha kukariri kanuni zake.

Msimamizi alivaa miwani. "K, ishirini na tano, kujumlisha moja. N, thelathini na sita. U, ishirini na nne." Akamtazama Barafu juu ya miwani. "Siku ya hisabati, binti? Unajua anayekutwa na karatasi anafutiwa mtihani wote?"

Barafu alijua. Kila mtu alijua. Ile baridi ya siku zote ikampanda kuanzia miguuni. Akilini alimwona bibi yake amekaa kwenye cherehani, haelewi kosa liko wapi. Hilo ndilo lililomfungua mdomo.

"Mwalimu, ni sketi."

"Sketi?"

"Ni vipimo vya sketi. K ni kiuno, N nyonga, U urefu. Bibi yangu ni fundi. Hukibana ndani mpaka mtu aijaribu na kumshukuru. Mimi nilitoka mbio. Sikumshukuru." Akanyanyua mikono tena. "Nipime, mwalimu."

Kuna msimamizi ambaye angeandika ripoti palepale, na hakuna ambaye angemlaumu. Huyu aliangalia saa. Zilibaki dakika kumi na mbili. Akafungua kamba iliyofunga boksi la vijitabu vya kujibia, akamzungushia Barafu kiunoni, akaishika kwa kucha, kisha akailaza juu ya rula upande wa inchi, akihamisha rula kidogo kidogo.

"Ishirini na tano kamili." Akapima nyonga, akachuchumaa akapima urefu. "Thelathini na sita. Ishirini na nne." Akainuka, magoti yakalia. "Na hii moja ya kujumlisha ni ya nini?"

"Ya kupumulia, mwalimu. Bibi alisema saa tatu ni nyingi, nisibanwe."

Msimamizi alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka miwani ikaanguka kifuani. "Mimi hakuna aliyewahi kunishonea ya kupumulia! Ingia. Kikaratasi nabaki nacho, utakichukua ukimaliza."

"Sasa mwalimu, sisi wengine tutapimwa saa ngapi?" Kipaza akauliza.

"Wewe pita kabla sijakupima mdomo!"

Barafu alikaa. Karatasi ikagawiwa. Swali la kwanza lilikuwa na mistari tisa, na alipolitazama, kifua kikaanza kufunga kama siku ile. Akaweka mkono kiunoni. Kidole kikapita kati ya ukanda na shati bila shida. Akavuta pumzi, nafasi ipo. Akavuta nyingine.

Anza na pindo.

Akafunua mpaka ukurasa wa mwisho, akakuta swali fupi la asilimia analoliweza hata akisinzia. Akaliandika. Kisha la juu yake, na la juu yake tena, anarudi nyuma kama mtu anayeshona kutoka chini kwenda shingoni. Alipofika kwenye lile la mistari tisa, halikuwa jepesi, na kipengele cha mwisho hakukiweza. Lakini kengele ilipolia, mkono ulikuwa unamuuma kwa kuandika.

Mlangoni msimamizi alimkabidhi kikaratasi na pini yake. "Msalimie bibi."

"Ahsante, mwalimu. Ahsante kwa kunipima."

Nyumbani, bibi alikuwa amesimama kizingitini na tepu shingoni, macho yamemwiva. Alishagundua kikaratasi kimeenda na sketi. "Nimekuharibia, mama? Kile kikaratasi..."

Barafu alipita mpaka mbele ya kioo, akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akainama, akainuka.

"Imenikaa, bibi," alisema. "Ahsante."

Akamwekea kikaratasi kwenye kiganja. Bibi alikitazama, akamtazama mjukuu, akajifuta macho kwa ncha ya tepu. Kisha akanyoosha mkono na kukichoma kwenye msumari, juu ya vyote.