Nzohe Wafika Mkutanoni

Mkutano wa kufukia kinamasi cha Lubenge ili kijengwe kiwanda ulifanyika Jumamosi mchana, nyuma ya duka la mwenyekiti, watu wakitafuna miwa. Malori ya udongo yalikuwa yameshaegeshwa barabarani. Kisakye, binti aliyekwenda kusomea wanyama akarudi na darubini badala ya mchumba, alikuwa na hoja moja tu. Karibu kijiji kizima ni ukoo wa Nzohe, na nzohe wenyewe, swala wa majini, wamebaki kwenye mafunjo ya kinamasi hicho tu. Mtu hafukii ndugu zake wazima.

"Ndugu?" Ssaalongo, mwenyekiti, akacheka. "Mbona misibani siwaoni?"

"Basi waje wajitaje kama sisi sote," Kisakye akasema kwa hasira.

Nzohe wakaja, matope hadi tumboni. Majike wakapiga magoti kusalimia. Dume mzee akakohoa, akataja jina lake, la baba yake, la babu yake, na mlango wao katika ukoo. Wazee walimsikiliza kwa makini, maana wapo wanaobabaika wakifika kwa babu. Huyu hakubabaika. Bibi mmoja akanung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawawezi hata nusu yake.

"Haya, ni ndugu zetu," Ssaalongo akasema. "Hapo binti umetushinda."

Kisakye akalia kwa furaha. Masikini, aliwahi mno.

"Sasa ndugu ataachwaje alale majini na mbu, jamani?" Ssaalongo akaendelea. " Wagawanywe nyumba kwa nyumba. Wenye kiwanda nao wafanye kazi yao."

Watu wakapiga makofi. Nzohe nao wakashukuru, kwani mgeni hakatai makaribisho mbele ya wazee. Kisakye akapiga kelele kwamba hawa hawawezi kuishi sakafuni.

"We mtoto huna haya?" shangazi yake akamkemea. "Umewaita mwenyewe, sasa unawafukuza?"

Malori yakaanza kumwaga udongo watu wakiwa bado wanagawana wageni.

Kwato za nzohe ni ndefu, za kukanyagia matope, na kwenye saruji zinateleza. Dume mzee alivunjika mguu barazani kwa Ssaalongo, akafa, akazikwa ndani ya nguo ya magome kwa heshima zote za ukoo. Ssaalongo alitoa hotuba nzuri sana, akalia kwelikweli. Ukuta wa kiwanda siku hiyo ulikuwa umefika usawa wa kifua.

Kina Kisakye walipangiwa jike mmoja kijana. Hula matoke kidogo, kwa adabu, na kusifu mchuzi wa karanga. Kisakye humkorogea udongo na maji kwenye kona ya jiko apate pa kusimama, na mama mtu hugombana naye kwa uchafu huo.

Jana yule jike aliuliza kama wanaweza kwenda kutembea nyumbani mafunjoni, hata kidogo tu.

"Ngoja mvua ipungue," Kisakye akamwambia.

Nje jua lilikuwa kali. Jike akasema sawa dada, akakunja miguu, akalala.