Ng'ombe wa Ngoga

Kamati yetu ya upatanisho ilikuwa na mwenyekiti, makamu wawili, mshauri wa sheria na bendera, lakini haikuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kufuga ng'ombe. Nalisema hilo mapema kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na hapo. Mimi nilikuwa karani. Naitwa Florentine, nafundisha darasa la tano Kasenga, na nilichaguliwa kwa ajili ya mwandiko mzuri. Kwenye kamati za amani watu huchaguliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Ile vita kubwa ilikuwa imeisha kwenye karatasi tangu nikiwa sekondari. Huku kwetu ilibaki vipande vipande, kila mlima na kipande chake. Kipande chetu kilikuwa hiki: familia kumi na nne za Wanyamulenge, zilizokimbia kutoka nyanda za juu na kupanga vyumba mtaa wa Kilibula, chini mjini, zilitaka kurudi kwao. Njia ni moja tu, nayo inapita katikati ya kijiji cha Wafuliiru kilicho mteremkoni. Mkubwa wa kijiji hicho, Jean-Marie, alikuwa amesema hakuna atakayepita.

Alikuwa na sababu yake. Miaka mitano nyuma, vijana wenye silaha walishuka kutoka juu wakachoma nyumba tisa za kijiji chake, na katika mojawapo aliungua hadi kufa mtoto wake wa kwanza, Pierre. Wiki moja baadaye wengine wenye silaha wakapanda, wakamuua mchungaji aitwaye Ngoga mahali pa kunyweshea, wakaswaga ng'ombe sitini. Ngoga alikuwa mdogo wake Bisengimana, na Bisengimana ndiye msemaji wa zile familia kumi na nne. Baba yangu ni Mfuliiru. Naliandika hilo nalo ili msomaji asijisumbue kulitafuta.

Baada ya mikutano minane, mwenyekiti wetu Cyprien akaleta wazo. Jean-Marie ampe Bisengimana ng'ombe mbele ya watu. Kwa Wanyamulenge ng'ombe wa zawadi si wa nyama wala maziwa tu. Aliyepewa husimama hadharani na kumtaja aliyempa, na tangu siku hiyo kila akitaka kuapa huapa kwa jina lake: fulani amenipa ng'ombe. Huapa hivyo hadi kufa. Mtu unayeapa kwa jina lake humgusi, wala watu wako hawamgusi, naye hawezi kukufungia njia. Cyprien alikuwa amelisoma jambo hilo mahali fulani akalipenda. Jean-Marie alikubali upesi mno, tena bila kudai kitu, nasi tukasema maombi yamejibiwa.

Alhamisi ng'ombe akaletwa mjini, akafungwa nyuma ya ofisi ya kamati kungoja sherehe ya Jumamosi. Bisengimana aliomba amwone kabla ya sherehe ili apange maneno yake ya shukrani. Nikaenda naye. Nilitegemea aseme ni mnono, au si mnono. Akamzunguka mara mbili, akashika mashina ya pembe, akalifunua sikio la kushoto na kulitazama kwa ndani kama mtu anayesoma barua fupi.

"Mama ya hii ng'ombe aliitwaka Bihogo," akasema. "Nyanya yake pia Bihogo. Iko ya Ngoga. Siku bamemuua, ilikuwa ndama, imeacha kunyonya juzi juzi tu."

"Una hakika, mzee?"

"Mwalimu, weye unaweza kusahau muandiko yako?"

Nilimwuliza kama ataikataa zawadi. Alijibu taratibu, akimkuna yule ng'ombe shingoni.

"Nikikataa, bantu bangu batabakia Kilibula na watoto yabo. Nikikubali, nitaapa kwa jina ya muntu mwenye alikuwa na mali ya ndugu yangu mu zizi yake. Mpaka nitakufa."

Niliona aibu. Ilikuwa aibu ya mwenye nyumba aliyempakulia mgeni chakula, kisha akagundua kimeibwa jikoni kwa mgeni huyo huyo. Nikaenda moja kwa moja kwa Cyprien nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, maana ni mtu mwenye adabu.

"Florentine, ng'ombe ni ng'ombe," akasema. "Mugeni wa mukoa anafika Samedi. Kiti iko, sono ya mikrofoni iko, askari iko. Unataka nimuambie arudi, ju ya sikio?"

"Huyu mzee anajua ng'ombe yake."

"Basi anajua pia kama njia iko moja."

Mwenye nguvu mpishe, husema watu, na siku ile nilimpisha.

Jumamosi saa nne tulikuwa kwenye uwanja wa mpira, Kilibula. Mgeni wa mkoa alizungumza dakika arobaini kwa Kifaransa juu ya taifa moja. Hakuna aliyetafsiri, na sikuona aliyepungukiwa. Ng'ombe alifungwa utepe wa rangi za bendera kwenye pembe, ncha zikining'inia hadi mdomoni. Kufika dakika ya ishirini alikuwa ameshautafuna nusu. Upande wa kushoto waliketi watu wa Jean-Marie kama arobaini hivi, mkewe Olga akiwa mbele. Upande wa kulia zile familia kumi na nne, wamevaa nguo za ibada.

Jean-Marie akaitwa. Ni mtu mfupi, mkavu, mwenye koti lililomzidi. Akashika kamba akasema maneno aliyofundishwa, kwamba anampatia Bisengimana ng'ombe huyu kwa ajili ya amani. Alisema huku akitazama chini.

Bisengimana akasimama. Akainua mikono miwili juu, ndivyo inavyofanywa kwao, akasema kwa lugha yake, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Ngoga amenipa ng'ombe. Ngoga amenipa ng'ombe. Ngoga amenipa ng'ombe."

Mgeni wa mkoa alipiga makofi. Wachache wakamfuata. Upande wa kulia hawakupiga. Walijua jina hilo ni la nani. Cyprien akachukua mikrofoni, akacheka kidogo.

"Mzee amechanganya. Mwenye amekupatia ni Jean-Marie."

"Minye sijachanganya," Bisengimana akasema.

Cyprien alikosea hapo. Angeweza kuwaita wapiga ngoma, watu wangesahau. Badala yake alimgeukia Jean-Marie na mikrofoni mkononi, akamwuliza, akitegemea atakana: "Ngoga ni nani?"

Najua watu waliotumia maisha yao yote kulikwepa swali dogo kuliko hilo. Jean-Marie angesema simjui, na muhtasari ungetiwa sahihi, na Bisengimana angeonekana mzee aliyechoka akili. Akisema anamjua, anakuwa mtu aliyeweka nyumbani mali ya mtu aliyeuawa, mbele ya askari, mbele ya mke wake na kijiji chake ambacho hakuna aliyekiomba msamaha kwa nyumba tisa. Nilimtazama mikono. Alikuwa akiizungusha kamba kwenye kiganja, akiifungua, akiizungusha tena.

"Ngoga ndiye mwenye ng'ombe," akasema. "Ilinifikia kwa bale bamemuua. Baliniuzishia bei ya mbuzi, na nyumba yangu ilikuwa ingali inanuka moshi. Nikaitwaa." Akatazama tena chini. Tukadhani amemaliza. "Leo minye siko napatiana kitu. Nilikuwa namuchungia tu."

Mikrofoni ilikuwa karibu, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia. Upande wa kushoto mtu alisonya. Olga aliinamisha kichwa akakitazama kitenge chake. Askari walimtazama mgeni wa mkoa, naye akaitazama saa yake.

Bisengimana alimwangalia Jean-Marie kwa muda, kisha akamwangalia ng'ombe kiwele.

"Umekunywa maziwa mwaka muzima," akasema. "Na ndama yake iko kwako. Mushahara ya muchungaji imetosha."

Akachukua kamba. Hakusema amesamehe. Alimlipa kama anavyolipwa mchungaji yeyote kwao, maziwa na ndama, na kazi ikaisha. Cyprien akaniinamia sikioni akaniambia niandike kwamba Jean-Marie ametoa na Bisengimana amepokea. Niliandika nilichokisikia, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu mzuri. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi katika kamati ile.

Furaha hiyo ilikoma Jumanne. Kiapo kwa jina la Jean-Marie hakikuwapo, ila naye hakuwa amesema tena kwamba njia imefungwa. Familia zilipanda alfajiri, nami nikapanda nazo, maana karani alitakiwa kushuhudia kupita kwao. Tulifika kijijini kwa Jean-Marie kama saa tatu. Watu walisimama pande zote mbili za njia. Hakuna aliyesalimu. Vijana wengine walikuwa wameweka mikono mgongoni, na mikono ambayo haionekani huwa siipendi. Bisengimana alitangulia na ng'ombe wake bila kutazama pembeni, na tulikuwa tumeshavuka nusu ya kijiji ndama alipolia.

Kamati nzima, na mshauri wake wa sheria, haikuwa imefikiria kwamba ng'ombe ana mtoto. Alimsikia, akageuka, akaing'oa kamba mkononi mwa mzee, akaingia ua wa Jean-Marie mbio na kusimama kwenye mlango wa zizi. Msafara wote ukasimama. Bisengimana hakuingia uani. Mtu haingii ua wa mtu bila kuitwa, na ua ule kuliko mwingine wowote. Watoto nyuma wakaanza kulia. Niliogopa kweli kweli. Nilihesabu hatua hadi kwenye kona ya kanisa nikaona sitazimaliza.

Jean-Marie akatoka ndani. Alitazama ng'ombe, akatazama njia iliyojaa watu na magodoro, akafungua zizi na kumtoa ndama kwa kamba.

"Hataenda bila mwana yake," akasema.

"Ndama ni yako," Bisengimana akajibu kutoka njiani. "Nilishasema."

"Ni yangu, ndiyo. Nitatangulia nayo, mama yake atafuata. Tukifika, nitarudi na ndama yangu."

"Ni masaa tano ya kupanda. Leo hautarudi."

"Najua."

Bisengimana alitazama njia ya juu. "Basi utalala kwangu," akasema.

Olga alikuwa mlangoni. Hakupaza sauti, lakini sote tulimsikia.

"Utalala kwa bale bamechoma Pierre?"

Mama mmoja katika msafara aliweka mzigo wake chini. Jean-Marie aliivuta kamba mpaka ndama akasimama sawa, na ng'ombe akaja nyuma yake, akimnusa mtoto mgongoni.

"Usiningojee kwa kula," akamwambia mke wake, akatoka uani, akashika njia ya kwenda juu.