Spika Nyeusi za Amour

Spika za zamani za Amour ziliuawa na chumvi ya bahari. Sponji ya pembeni ilimeguka vipande vipande, na kila besi ilipopiga zilikoroma kama mgonjwa wa pumu. Amour alikuwa karani mstaafu wa bandarini Kilindoni, na muziki ndio uliokuwa fahari yake: amplifaya aliyoletewa na binamu yake kutoka Maskati, santuri mia na ushei, na sikio lililosifiwa mji mzima. Vikundi vya taarabu vilipobishana nani katoka nje ya sauti, aliitwa yeye kuamua.

Basi Sadick, fundi redio wa sokoni, akamletea nyumbani jozi mbili kutoka Dar es Salaam ili achague. Moja ya mbao, nzito. Nyingine ya plastiki nyeusi, inayong'ara.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ziweke hapo," alisema Amour. Mkewe, Mwanamkuu, alikuwa mkekani akichambua mchele.

Sadick akaunga kwanza zile za mbao. Santuri ilipoanza, Mwanamkuu aliacha mchele. Udi ulisikika kana kwamba mpigaji yumo mle chumbani, na juu ya fidla, njuga za rika, lile dufu dogo la taarabu, zililia nyembamba na safi.

"Zimefunikwa blanketi," Amour akasema. "Unga hizo nyingine."

Zile nyeusi zilipiga kelele. Fidla zikawa kama bati linalokwaruzwa. Mwanamkuu akauma meno, Amour akatabasamu.

"Hapa sasa pana uhai."

Sadick akasita. "Mzee, kwenye zile za kwanza njuga za rika zilitoka vizuri sana. Hukuzisikia?"

"Njuga gani? Santuri hii naijua kabla hujazaliwa. Haina njuga."

Sadick akamtazama Mwanamkuu. Mwanamkuu akautazama mchele wake.

"Labda ungepita hospitali, mzee, wakutazame masikio."

Amour alifungua kinywa kumkaripia, akajizuia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka thelathini na moja ya ndoa. Alimgeukia mkewe, akamwuliza kwa sauti ya chini kuhusu muziki.

"Wewe umezisikia?"

Mwanamkuu aliwahi kuwa mwimbaji. Zamani harusi za Kilindoni na Kiegeani hazikunoga bila yeye. Mwaka wa pili wa ndoa, Amour alimrekodi kwenye kaseti, akamkalisha mbele ya redio, dada zake wakiwapo, akawa anaurudisha ukanda nyuma. "Hapa umepotea. Na hapa. Sikiliza mwenyewe." Mwanzoni dada zake walicheka, kisha wakanyamaza, naye Amour akaendelea kuurudisha. Tangu hapo Mwanamkuu akialikwa alisema ana mafua, mpaka watu wakachoka kumwalika. Yeye mwenyewe hakusikia alipopotea. Aliamini tu, kwa kuwa sikio lilikuwa la Amour.

Akainua uso kutoka kwenye mchele. "Sijasikia njuga yoyote," alisema.

Amour akashusha pumzi. Sadick akazibeba zile za mbao, akaondoka.

Mwezi mzima nyumba ikapigiwa kelele. Mwanamkuu aliumwa kichwa, akawa anashinda kwenye jiko la uani hata pasipo cha kupika. Alidhani angefurahi. Furaha haikuja.

Ijumaa moja baada ya sala, Amour aliwaalika wenzake waje kuzisikia spika mpya. Santuri haikufika nusu, Zubery, mpiga fidla wa zamani, akaziba sikio kwa kiganja.

"Amour, ndugu yangu, nini hiki? Zinatoboa."

Mmoja akacheka, na wengine wakamfuata. "Sikio nalo huzeeka, bwana," akasema Zubery, na hilo likawachekesha zaidi.

Walipoondoka, Amour alizima amplifaya, akabaki ameiinamia.

"Siku ile uliisikia rika."

"Niliisikia."

"Mbona ulinidanganya?"

"Nilitaka na wewe uchekwe."

Amour akatikisa kichwa taratibu. "Haya. Nimechekwa."

Hakuziwasha tena, wala hospitali hakwenda. Masikio yakazidi kufifia, na sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kupotea. Binti yao Tasnim hupiga simu kutoka Dar es Salaam kila Jumapili. Amour huibana simu sikioni, akakunja uso.

"Nipe nikusikilizie," Mwanamkuu humwambia. "Anasema atakuja Idi, na wanawe."

Amour humpita kana kwamba hakusema kitu. Hutoka uani, akaenda mpaka dirishani kwa jirani yao Mize, akamnyooshea simu.

"Hebu nisikilizie, mwanangu. Tasnim anasema nini?"